Mbona Tumbili Wamejaa Mashambani?

SWALI: Mhariri, kila msimu wa mavuno tumbili na nyani huvamia mashamba yetu, nasi hulazimika kukesha tukilinda. Iweje basi tusome kwamba wanyama wa jamii hiyo wanatoweka? Hesabu hizo hufanywa wapi? – Msomaji mkulima

JIBU: Tumbili unaowafukuza sio wanaohofiwa kutoweka. Jamii nzima ya komba, kima, nyani na sokwe ina spishi zaidi ya 500, na takriban asilimia 60 ya hizo zimo hatarini. Bahati mbaya, zilizo hatarini ni zile zisizofika shambani kwako.

Tumbili hula karibu kila kitu, hutembea chini bila wasiwasi, na mashavuni ana vifuko anamoshindilia mahindi yako haraka haraka ili akayatafune kwa raha juu ya mti. Mbega, kima wa msituni anayekula majani, hana vifuko hivyo. Dole gumba lake ni kinundu tu, vidole vinne vilivyobaki vikiwa kama kulabu ya kushikia matawi, na tumbo lake lina vyumba kama la ng’ombe, ambamo bakteria huchachusha majani magumu. Hata ndizi mbivu, zikizidi, humdhuru. Msitu ukikatwa, hana pa kuhamia. Ukikatwa vipandevipande, kama ulivyo kandokando ya Mto Tana nchini Kenya, kila kundi hubaki limefungiwa, na anayethubutu kuvuka uwazi hukumbana na mbwa, magari au nyaya za umeme.

Uwindaji humalizia kazi, kwa kuwa mbega wekundu huishi kwa makundi makubwa yenye kelele na jike huzaa mtoto mmoja tu kwa wakati. Mbega mwekundu wa Waldron, wa Ghana na Ivory Coast, hajathibitishwa na wanasayansi kuonekana akiwa hai tangu 1978.

Kurudisha idadi kunawezekana, ingawa si kwa haraka. Nchini Brazili, tamarini, kima wadogo wenye manyoya ya rangi ya dhahabu, walikuwa wamebaki takriban 200 mwanzoni mwa miaka ya 1970. Waliozaliwa katika bustani za wanyama walirudishwa mwituni, miti ikapandwa kuunganisha vipande vya msitu, na idadi ikapita 3,000. Kisha ikaja homa ya manjano, ikaua karibu theluthi yao, na kazi ikabidi ianze tena.