Rakuni haoshi chakula

Wiki hii mmeuliza: "Ni mnyama gani ambaye jina lake linapotosha watu?" Najua wengi watamkimbilia fisi maji, ambaye si fisi hata kidogo. Mimi nawaletea jamaa zake wa mbali, ukoo wa rakuni, yule mnyama mdogo mwenye barakoa nyeusi usoni na mkia wa pete, wa mabara ya Amerika, maana huko watu wamekosea mara nyingi na bado makosa hayo tunayarudia.

Mwaka 1758 Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi aliyewapa viumbe majina ya Kilatini, alimpa rakuni jina la Ursus lotor, yaani dubu mwoshaji, na Wajerumani mpaka leo humwita Waschbär, maana ileile. Dubu si dubu, na kuosha haoshi. Mtazame usiku kando ya kijito: amechuchumaa, macho yako kwingine kabisa, mikono yote miwili imezama majini ikipapasa chini ya mawe. Anatafuta kamba wa maji baridi na vyura, na huwatambua kwa vidole. Karibu na kucha ana vinywele vigumu vinavyohisi kitu kabla ngozi haijakigusa. Kiganja kikilowa, neva zake huwa nyepesi zaidi kuhisi. Sasa mfungie kizimbani, mbali na kijito. Atachukua kipande cha chakula, atakichovya kwenye bakuli la maji na kukipapasa vilevile, kana kwamba amekipata chini ya jiwe. Watu walioona hivyo wakasema anaosha! Wapowhatan, wenyeji wa asili wa Virginia huko Marekani, walimwangalia vizuri zaidi. Neno lao, ambalo ndilo lililozaa rakuni, lilimtaja kama anayesugua na kukwaruza kwa mikono.

Koati, jamaa wa rakuni mwenye pua ndefu, naye alipata yake. Dume mzima hutembea peke yake, majike na watoto huenda kwa makundi, basi wataalamu wa zamani wakawahesabu kuwa spishi mbili. Panda mwekundu aliwahi kuingizwa katika ukoo huu, kisha akatolewa.

Lakini aliyenigusa kuliko wote ni Ringerl, jike kutoka misitu ya milimani ya Kolombia. Kati ya 1967 na 1976 aliishi Marekani, akihamishwa kutoka bustani moja ya wanyama hadi nyingine, kwa sababu alidhaniwa ni olingo, mnyama mwingine wa ukoo huu aishiye mitini, na kila alipowekwa na dume la olingo hakushika mimba. Wakamwona mgumu. Mwaka 2013 Kristofer Helgen na wenzake, baada ya kukagua ngozi na mafuvu yaliyokaa miaka mingi kwenye droo za makumbusho, walitangaza spishi mpya: olingito, mdogo kuliko olingo, mwenye manyoya marefu mekundu-kahawia na masikio mafupi. Vinasaba vikaonyesha kwamba Ringerl alikuwa mmoja wao. Miaka yote ile walimletea madume ya spishi nyingine, na yeye hakuwa na kasoro yoyote.