Wastani wetu sekunde 48, mbona hatufiki oda?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Mimi ni supavaiza wa laini ya kuunganisha feni za mezani, tuko stesheni 5, mtu mmoja kila stesheni. Nimepima muda: mota na stendi sekunde 40, waya na swichi 55, pangaboi (panga la feni) na kava zote mbili 70, kutesti na kubandika lebo 45, kupaki 30. Jumla 240, gawanya kwa 5 ni 48. Shifti yetu ukitoa mapumziko ni dakika 450, kwahiyo tungetoa feni 562 lakini tunaishia 385 na oda ni 450. Bosi anasema vijana wanategea, anataka kuongeza mtu wa sita. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, kwanza vijana wako waombwe radhi, maana hawajategea hata kidogo. Dakika 450 ni sekunde 27,000, gawanya kwa 70 unapata 385, yaani wanatoa kile kile ambacho laini ilivyopangwa inaweza kutoa. Laini haiendi kwa wastani, inaenda kwa stesheni inayochelewa kuliko zote, na muda wa stesheni hiyo ndio muda wa mzunguko wako, yaani feni moja inatoka kila sekunde 70. Ile 48 ungeipata tu kama kazi ingegawanyika sawasawa kabisa kwa wote watano, jambo ambalo ni nadra sana.

Nenda kasimame pale kwenye pangaboi utaona mwenyewe, feni zimelundikana mbele yake, halafu wa kupaki anafanya kazi sekunde 30 anasubiri 40, na ukimuona amekaa utadhani mvivu kumbe hana cha kupaki.

Sasa angalia oda inataka nini. 27,000 gawanya kwa 450 ni sekunde 60, hii ndiyo takti, kila sekunde 60 lazima feni moja itoke. Stesheni yoyote iliyo juu ya 60 ndiyo adui, na wewe unayo moja tu.

Mtu wa sita ukimuweka kwa mota au kwa kupaki hupati hata feni moja ya ziada, lundo litakaa pale pale. Ukimuweka pangaboi atasaidia, ila kuna njia ya kupata matokeo hayo hayo bila yeye. Ivunje ile kazi ya 70 vipande vidogo, pima kila kipande peke yake mara nyingi, na usimpime yule kijana mwenye mkono mwepesi tu. Tuseme kubana kava ya mbele ni sekunde 15. Huwezi kuipeleka kwa wa mota hata kama ana nafasi, kwasababu pangaboi linatangulia, na lazima ibanwe kabla ya kutesti maana huwezi kuwasha feni iko wazi watu wakakatwa vidole. Kwahiyo inaenda kwa wa kutesti, ianze kava ndio iwashwe, naye sasa anafika 60. Ni sawa na takti lakini hana pa kupumulia, skrubu moja ikidondoka umeshachelewa, basi lebo zake za sekunde 15 hivi mpe wa kupaki. Sasa hesabu inasoma 40, 55, 55, 45, 45. Mzunguko 55, feni 490 kwa shifti, watu wale wale watano.

Ufanisi wa laini (zidisha idadi ya stesheni kwa mzunguko, halafu jumla ya sekunde za kazi, 240, igawanye kwa jibu hilo) unatoka kama asilimia 69 kwenda 87. Kwa mtu wa sita pale pangaboi ungepata hizo hizo 490 lakini ufanisi 73, na mshahara mmoja juu.

Kabla hujahamisha chochote kaa na hao vijana wenyewe, wao ndio wanajua kipi kinahamishika na kipi kinahitaji kifaa kilichofungwa mezani. Zile 490 ni za kwenye karatasi, vitu vikikwama zitapungua, ila hapo una nafasi ya feni 40 juu ya oda. Wape siku kadhaa mikono izoee ndio upime upya, na bosi mpeleke akaone lundo la pangaboi kwa macho yake kabla hajatangaza nafasi ya kazi.