Maswali yenu kuhusu ndege wa mferejini

Mvua zilipokuwa zinanyesha, matete ya mfereji wetu yalijaa ndege wekundu kama kaa la moto, na wengine wa manjano wakifuma viota. Sasa ni kiangazi, sioni hata mmoja. Wamekwenda wapi?

Hawajaenda popote. Huenda jana umewapita ukadhani ni shomoro. Kweche, yule mwekundu, na mnana, yule wa manjano, huvaa rangi zile msimu wa kuzaliana tu, tena madume peke yao. Msimu ukiisha manyoya hunyonyoka, yakaota mengine ya rangi hafifu, na dume akafanana na jike. Tafuta makundi yanayodonoa mbegu za nyasi ukingoni, utazame midomo: mifupi na minene. Ukibahatika utakuta dume aliye katikati ya mabadiliko, mabaka mekundu huku, ya kahawia kule. Mimi humfurahia huyo kuliko yule aliyekamilika.

Mvua zikirudi, mtazame mnana akiwa kazini. Dume ndiye fundi. Jike huja kukagua. Kiota kikikosa mkaaji, dume hukibomoa mwenyewe na kuanza upya. Na hupenda kukitundika kwenye ncha ya tawi juu ya maji, mahali ambapo nyoka hupata taabu kufika.

Darubini ipi inafaa kwa anayeanza?

Ile iliyoandikwa 8x42. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Inayokuza mara 10 huonyesha pia mtetemo wa mikono yako, na eneo inaloonyesha huwa finyu zaidi, kwa hiyo ndege arukaye hukuponyoka.

Kila mwaka Aprili mbayuwayu hupungua, lakini wale wa chini ya daraja hubaki. Kwa nini hawaondoki wote?

Kwa sababu si ndege wa aina moja. Mwenye koo la rangi ya kutu na mgongo wa buluu iliyoiva huzaliana Ulaya na Asia. Huja kusini mwa Sahara kuanzia Septemba hivi, na kufikia Aprili wengi wao wameshashika njia ya kurudi. Ana uzito wa gramu 20 tu, na jangwa lote lile hulivuka kwa mbawa zake! Wa darajani kwako, kama ana kofia ya kahawia-nyekundu, koo jeupe na mkia wenye nyuzi mbili nyembamba kama waya, huyo ni mwenyeji. Hujenga kwa tope, na hapendi kukaa mbali na maji.

Nataka kumwona mdiria kwa karibu, lakini kila nikitembea ukingoni namwona mgongo tu, mstari wa buluu unaokimbia.

Basi usitembee. Tafuta tawi au tete lililoinamia maji, lenye madoa meupe ya kinyesi chini yake. Hicho ndicho kiti chake. Kaa mbali kidogo, jua likiwa nyuma yako, utulie nusu saa. Akikamata samaki atambamiza kwenye tawi kabla ya kummeza, na humeza kuanzia kichwani ili mapezi yasimkwame kooni. Kwa hiyo ukimwona ameshika samaki ambaye kichwa chake kimeelekea nje ya mdomo, jua kwamba samaki huyo si wake: anampelekea jike au makinda. Shimo lao liko ndani ya ukingo wa udongo, pengine chini ya miguu yako. Ondoka polepole.

Mfereji wetu husafishwa kwa katapila kila mwaka, matete yote yanang'olewa. Tufanye nini?

Swali hili linaniuma. Mfereji lazima upitishe maji, hilo halina ubishi, na mkulima asilaumiwe. Lakini ombeni wanaosimamia usafi wasafishe upande mmoja mwaka huu na wa pili mwaka ujao, na wasianze wakati kukuziwa wana mayai kwenye matete. Nendeni na daftari la tarehe mlizoona viota. Litawasaidia kupanga siku. Na siku maji yatakapofungwa, wahini asubuhi. Samaki hubaki wamenaswa kwenye vidimbwi, na yangeyange hujipanga pembeni, weupe juu ya tope jeusi.