Michoro yangu ya hina imesambaa bure

SWALI: Shangazi shikamoo, mi nachora hina hapa Majengo, nimetengeneza PDF ya michoro 40 ya maharusi nauza shilingi 300 kwa M-Pesa, sasa mteja mmoja kaitupa kwenye grupu la WhatsApp na mauzo yamekufa kabisa. Niache?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiache. Faili likishatoka halirudi, ila kuanzia sasa andika jina la mnunuzi kila ukurasa kabla hujamtumia, mtu huona haya kusambaza kitu chenye jina lake. Halafu PDF haifundishi mkono, rekodi video ukikoroga hina, ukifunga koni, ule mstari mwembamba wa kidoleni unavyoupitisha, uza pamoja kwa 800. Itoe kabla ya Idi, si baada. Na hio ilosambaa ina namba yako ya kazi, ili wanaoiona wakupigie? Kama haina, hapo ndo umejiponza mwenyewe.