Chakula cha Alhamisi hulipwa na nani?

Safu ya maswali ya wasomaji

Katika toleo lililopita nilizitaja kwa kupita tu klabu za Rotary na Lions, vyama vya kimataifa vya watu wanaojitolea kuihudumia jamii, nikijibu swali la msomaji aliyekuwa akimtafutia mama yake miwani, na barua zilizofuata zimekuwa nyingi kuliko nilivyotarajia. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu maswali ya wengine karibu yote yamo ndani yake.

SWALI: Mzee wa Safu, shikamoo. Mume wangu ni fundi umeme mwenye duka dogo, na tangu mwaka jana amejiunga na klabu ya Rotary. Kila Alhamisi saa sita na nusu mchana anafunga duka, anavaa shati la mikono mirefu, anakwenda hotelini na kurudi saa nane na kitu. Mara nyingine hurudi na tiketi za matembezi ya hisani, ambazo sote nyumbani tunatakiwa kuwauzia ndugu na majirani. Juzi wifi yangu alisema mbele ya wageni kwamba fedha hizo ndizo zinazogeuka kuku na pilau hotelini. Mume wangu alinyamaza, nami sikuwa na la kujibu. Chakula kile hulipwa na nani? Na kwa nini wakutane kila wiki, ilhali kikundi chetu cha kina mama hukutana mara moja kwa mwezi na mambo yanakwenda?
Mama wa Chumbageni, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na pilau, kwa kuwa ndiyo iliyoleta maneno. Katika klabu inayoendeshwa inavyopaswa, kila mwanachama hulipia sahani yake mwenyewe. Klabu niliyokuwamo kwa miaka mingi ilikuwa na meza ndogo mlangoni, na juu yake palikuwa na orodha ya majina, kitabu cha stakabadhi na kalamu iliyofungwa kwa uzi ili isiondoke na mtu. Ulilipa kwanza, ukakatiwa stakabadhi, ndipo ukaenda kuketi. Klabu nyingine huingiza gharama ya chakula ndani ya ada ya kila robo mwaka. Walikuwapo pia wenzetu ambao, mwezi ukiwa mgumu, walikunywa soda tu na kusikiliza, na hakuna aliyewauliza kwa nini hawali. Fedha ya tiketi haipiti kwenye meza ile kabisa, kwa sababu huingia katika akaunti nyingine, ya huduma, ambayo haipaswi kununua hata kijiko kimoja cha wali wa mwanachama.

Kwa hiyo wifi yako amekosea, ingawa sitamlaumu sana. Mtu anayeuziwa tiketi na asiyewahi kusomewa hesabu ana haki ya kushuku, na kunyamaza kwa mumeo mbele ya wageni hakukumsaidia yeye wala klabu yake.

Sasa kuhusu saa ile moja. Rais wa klabu, kwa maana hivyo ndivyo mwenyekiti anavyoitwa huko, hugonga kengele, wageni hutambulishwa, kamati hutoa taarifa fupi, kisha mgeni mzungumzaji hupewa dakika ishirini hivi. Nimewahi kuwasikia mabwana afya, mahakimu, wafugaji wa nyuki, na mara moja mzee wa jahazi aliyetueleza kuhusu pepo za kaskazi na kusi kwa ufasaha uliowafanya wahasibu wasahau kuangalia saa. Mwishoni huja kipindi cha faini, ambacho mgeni asiyekijua hushtuka kukiona. Ofisa wa nidhamu hupita na kopo akiwatoza watu kwa makosa ya mzaha: simu yako imelia, umekuja bila beji, umeonekana gazetini. Mwenye habari njema hujitoza mwenyewe. Binti yangu alipohitimu uuguzi nilitia shilingi elfu kumi ndani ya kopo kwa hiari yangu, na bado nikatozwa elfu mbili zaidi kwa kuieleza habari hiyo kwa maneno mengi mno.

Umeuliza kwa nini kila wiki. Desturi hiyo ni ya tangu mwanzo. Tarehe 23 Februari 1905, mjini Chicago, mwanasheria Paul Harris alikutana na wenzake watatu katika ofisi ya mmoja wao, wakakubaliana kuendelea kukutana kwa zamu, leo kwa huyu na kesho kwa yule, na kule kuzunguka ndiko kulikoipa Rotary jina lake. Hawakuanza na misaada. Walikuwa watu wa kazi mbalimbali katika mji mkubwa ambao jirani hamjui jirani, nao walitaka kufahamiana na kufanya biashara na watu wanaowajua. Huduma ilifuata baadaye: mwaka 1907 klabu ile ilianza kudai vyoo vya umma katikati ya mji, na kwangu mimi huo ni mwanzo wa heshima kuliko minara mingi ya ukumbusho. Klabu ya kwanza katika Afrika Mashariki ilianzishwa Nairobi mwaka 1930, na ya Dar es Salaam ikafuata mwaka 1949.

Tazama mpangilio huo: walijuana kwanza, ndipo wakashika fedha pamoja. Wewe unayecheza upatu unalielewa hilo kuliko mimi, kwa maana humpi zamu ya kwanza mtu ambaye hujui hata mlango wake ulipo. Kikundi chenu kinaweza kukutana mara moja kwa mwezi kwa sababu ninyi mmekwisha kukutana mara ishirini kabla ya kikao, bombani, sokoni na msibani. Fundi umeme, daktari wa meno, mwenye duka la vipuri na mwalimu mkuu hawakutani bombani. Wasipoketi pamoja Alhamisi hawaketi kabisa, na mweka hazina ambaye haonani na wenzake kwa miezi mitatu hupata miezi mitatu ya kutoulizwa kitu. Mtu anayejua kwamba Alhamisi ijayo, kabla sahani hazijaondolewa mezani, atasimama na kusema tiketi ngapi zimeuzwa na fedha iko wapi, huandika hesabu yake Jumatano usiku, na hiyo ndiyo faida kubwa ya kikao ambayo watu wa nje hawaioni.

Hata hivyo, sitazisifu klabu hizi kupita kiasi. Zipo zinazong'ang'ania hoteli ambayo sahani yake moja ni mapato ya siku nzima ya fundi, halafu zinashangaa kwa nini wanachama wake ni wenye magari tu. Nilishuhudia klabu moja ikihamia ukumbi wa shule, chai na maandazi, na ndani ya mwaka mmoja viti havikutosha. Kama Alhamisi inamlemea mumeo, na aseme; hatakuwa wa kwanza kusema.

Ninakushauri ufanye mambo mawili. Mwambie mumeo alete nyumbani taarifa ya hesabu ya matembezi ya mwaka jana, ionyeshe kilichokusanywa, kilichotumika na kilichonunuliwa. Kisha mwombe amwalike wifi yako kama mgeni wake Alhamisi moja. Wageni hukaribishwa, na kwa kawaida mwenyeji ndiye humlipia mgeni wake.

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mhazini mpya wa klabu ya Lions huku Voi. Tunaandaa matembezi ya hisani ili tuinunulie shule ya msingi tangi la maji. Mwenyekiti anasema tukibakisha pesa tuzitumie kulipa kodi ya chumba tunachofanyia mikutano, maana ni kazi ile ile. Pia anataka watu watume michango kwa nambari yake ya simu kwa sababu inajulikana. Nina wasiwasi lakini sina hoja.
Kijana wa Voi

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Hoja unayo, nayo imo katika kanuni za chama chenyewe. Lions, iliyoanzishwa Chicago mwaka 1917 kwa juhudi za wakala wa bima Melvin Jones, huzitaka klabu zake zitenganishe fedha za uendeshaji na fedha za shughuli za huduma. Ada za wanachama hulipa kodi ya chumba, karatasi na chai. Fedha iliyotoka kwa umma hurudi kwa umma. Kinachoruhusiwa kukatwa ni gharama za tukio lenyewe: mabango, maji ya kunywa njiani, gari la wagonjwa, fulana kama mmezichapisha. Tuseme mmekusanya shilingi 180,000 na gharama za siku hiyo ni 42,000. Basi 138,000 zote ni za tangi, na tangi likigharimu 110,000, zile 28,000 zinunue mabomba na mfereji wa paa, ambavyo shule itavihitaji hata hivyo. Chumba chenu cha mikutano si shule.

Kuhusu nambari ya mwenyekiti, kataa kwa adabu lakini ukatae. Fungueni nambari ya kupokelea malipo ya simu, Paybill au Till, kwa jina la klabu, na akaunti iwe na watia saini wasiopungua wawili. Sisemi kwamba mwenyekiti wako ni mwizi. Ninasema kwamba siku simu yake itakapopotea, au atakapougua, au mkewe atakapolipia karo kwa simu hiyo hiyo bila kujua, hamtaweza tena kutenganisha michango na mshahara, na aibu itamwangukia yeye kuliko mtu mwingine yeyote.

Nakueleza na jambo dogo la siku yenyewe, ambalo vijana hulidharau. Fedha taslimu zihesabiwe pale pale uwanjani, mezani, na watu wawili wasio wa nyumba moja, sarafu zikipangwa mafungu ya kumi kumi. Kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, wote wawili watie saini, na karatasi ipigwe picha kabla bahasha haijafungwa. Niliwahi kusafiri na bahasha ya namna hiyo ndani ya daladala bila karatasi yoyote, nikafika benki nikiwa na pungufu ya shilingi elfu kumi na nane, na mpaka leo sijui kama tulikosea kuhesabu au iliniponyoka njiani. Nililipa mwenyewe. Hakuna aliyenituhumu, lakini nililala vibaya wiki nzima.

Mkutano wa kwanza baada ya matembezi, usisubiri kuulizwa. Simama, soma, na siku tangi litakapofungwa, walete walimu waje kueleza linavyotumika. Walionunua tiketi nao watangaziwe, hata kama ni kwa karatasi moja iliyobandikwa kwenye duka la karibu na shule. Kampala wamelifanya hilo kwa ukubwa: mbio za Rotary zilizoanza mwaka 2012 zilikuwa na lengo moja lililotajwa wazi, huduma ya saratani katika Hospitali ya Nsambya, na mkimbiaji alijua shilingi yake inakwenda ukuta gani.

SWALI: Je, ni kweli kwamba Rotary na Lions ni matawi ya Freemason? Mchungaji wetu amesema hivyo.
Msomaji, Morogoro

JIBU: Si kweli. Hazina ibada wala viapo vya siri, mikutano yake hufanyika hotelini huku wahudumu wakiingia na kutoka na sinia, na wanachama wake ni Waislamu, Wakristo, Wahindu na wasio na dini. Uvumi huu hulishwa na beji, kengele na suti, na pengine na kule kutoonyeshwa hesabu nilikokueleza hapo juu. Ukitaka kujua kazi zao, tazama hospitali ya macho ya Lions iliyoko Loresho, Nairobi, au waulize wauguzi wa chanjo kuhusu polio: Rotary ilianza kampeni yake ya dunia nzima mwaka 1985, na tarehe 25 Agosti 2020 kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilitangazwa kuwa haina tena virusi vya asili vya polio. Mwalike mchungaji wako akazungumze mkutanoni. Atapewa dakika ishirini kama wengine.

SWALI: Mimi ni muuguzi Mwanza, ninafanya kazi kwa zamu. Nimealikwa kujiunga na Rotary lakini siwezi kufika kila wiki. Je, nikatae?
Dada wa zamu ya usiku

JIBU: Usikatae, dada yangu. Zamani sheria ilikuwa kali: ukikosa mikutano minne mfululizo bila udhuru ungeweza kuondolewa, na uliyekosa ulifidia kwa kuhudhuria klabu nyingine ndani ya siku 14 kabla au baada. Tangu mwaka 2016 klabu zimepewa uhuru zaidi. Ni lazima klabu ikutane angalau mara mbili kwa mwezi, na mengine hujipangia. Zipo pia klabu zinazokutana kwa mtandao, na kushiriki katika mradi huhesabiwa kuwa mahudhurio. Na ikiwa mzee yeyote atakuambia kwamba wanawake hawaiwezi ratiba hii, mkumbushe kwa upole kwamba sheria ya Rotary iliwafungia wanawake mlango mpaka mwaka 1989, na kwamba mwaka 2022 Jennifer Jones wa Kanada akawa rais wa kwanza mwanamke wa Rotary ya dunia.

Kabla ya kulipa ada ya kiingilio, muulize katibu maswali matatu: klabu inakutana siku gani na saa ngapi, ada ya mwaka ni kiasi gani pamoja na chakula, na hesabu za mwaka uliopita zilisomwa lini. Mwaka wa Rotary huanza tarehe 1 Julai, hivyo ukimwuliza mwezi wa Agosti au Septemba, hesabu hizo zinapaswa kuwa mezani kwake.