Unaanza kuangalia dokumentari za historia? Kaa hapa kidogo

Wakuu, mwaka jana tarehe 1 Januari nilijiapiza naachana na tamthilia za Kikorea maana zilikuwa zinanimalizia bando na usingizi, nikasema kila usiku nikishafunga steshenari naangalia historia tu, mwaka mzima. Wife alinipa wiki mbili. Nimemaliza mwaka, ila kiukweli miezi mitatu ya kwanza niliipoteza kwa kuanza vibaya, na kwa kuwa kila siku kuna mtu anapita hapa dukani ananiuliza aanzie wapi, acha niandike mara moja yaishe.

Kosa langu la kwanza lilikuwa Hitler. Sijui kwa nini kila mtu anaanza na Hitler. Ukiangalia moja YouTube inakuletea kumi, ukiangalia hizo kumi inakuletea vifaru, inakuletea manowari, inakuletea mpaka mbwa wake, na wewe unajiona unasoma kumbe unazungushwa pale pale. Mpaka mwezi wa tatu nilikuwa najua majina ya vifaru vya Mjerumani kuliko majina ya binamu zangu, lakini ungeniuliza huyo Mjerumani alifanya nini Tanga mwezi Novemba 1914 ningekutolea macho. Na ile vita, ya kwanza ya dunia, ilipiganwa hapa hapa! Waingereza walileta jeshi kutoka India wakashuka Tanga wakapigwa vibaya, nyuki nao wakaingia kazini (nyuki kweli, siyo utani), mwaka uliofuata Königsberg, meli ya kivita ya Wajerumani, ikafia delta ya Rufiji, na kamanda wao Lettow-Vorbeck hakuweka silaha chini mpaka tarehe 25 Novemba 1918 kule Abercorn, sa hivi ni Mbala, Zambia, wiki mbili tangu Ulaya wameshamaliza. Ile Kariakoo unayoenda kugombania bei ya vitenge jina lake limetoka kwa Carrier Corps, wapagazi waliobebeshwa mizigo ya vita ile, walikufa makumi ya maelfu na wengi siyo kwa risasi, ni njaa na magonjwa.

Kwa hiyo anza na kitu ambacho ardhi yake unaijua au unaweza kufika. Mimi nilipopata kipande kuhusu Liemba, ile meli ya Kigoma ambayo Wajerumani wenyewe waliizamisha 1916 na Waingereza wakaja kuiibua, niliirudia mara mbili kwa sababu bibi yangu aliwahi kuipanda na alikuwa anaisimulia kama basi tu la kawaida. Ukishakuwa na sehemu ya kusimama, hata ya Hitler utayaelewa vizuri zaidi.

Alafu nunua kaunta buku. Usicheke. Kila dokumentari ninayoangalia naandika miaka miwili, mwaka wa tukio na mwaka ambao hiyo dokumentari ilitengenezwa, na wengi huo wa pili hawauangalii kabisa. Nikupe mfano ulionifungua macho. Mwezi wa nne niliangalia The World at War ya Waingereza, ya vita ya pili ya dunia, vipande 26, ilionyeshwa 1973 mpaka 1974. Ni kazi kubwa sana, wahusika wenyewe walikuwa bado hai, unamwona Albert Speer aliyekuwa waziri wa silaha wa Hitler amekaa kwenye kiti anajibu maswali taratibu kama mstaafu yeyote. Nikasema hii ndo mwisho wa maneno, hakuna kingine cha kujua. Baadaye ndo nakuja kugundua kwamba habari za Bletchley Park, wale jamaa waliokuwa wanafungua mawasiliano ya siri ya Wajerumani, zilikuwa bado siri ya serikali wakati wanatengeneza, wananchi walikuja kuambiwa 1974. Yaani vita nzima ya majini imeelezwa bila kutaja kwamba upande mmoja ulikuwa unasoma barua za mwenzake. Hawakudanganya, walikuwa hawajaambiwa.

Sasa hilo lihamishie kwetu. Dokumentari ya Mau Mau iliyotengenezwa miaka ya 80 siyo sawa na ya baada ya 2011, maana 2011 ndo serikali ya Uingereza ilikubali kwamba ilikuwa imeficha maelfu ya mafaili ya makoloni pale Hanslope Park, na 2013 ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee wa Kenya zaidi ya 5,200 walioteswa. Ukiangalia ya zamani bila kujua hilo utaona msimuliaji anasema "inadaiwa" kila mahali, ukafikiri labda kweli ni madai tu.

Kingine ni huyo msimuliaji mwenyewe. Waliokulia vibanda umiza mnaelewa, picha ni ya Kichina, jamaa kashika maiki anakutafsiria, na nusu ya anayosema hayamo kwenye picha kabisa, mhusika kasalimia tu mama yake DJ anakuambia anapanga kulipiza kisasi. Tulikuwa tunaamini. Basi na hawa wenye sauti nzito wa kwenye dokumentari ndo kazi hiyo hiyo, tofauti wao wamevaa suti. Fanya zoezi moja, zima sauti dakika tano uangalie picha peke yake, uone picha zinasema nini na nini umeambiwa tu. Mimi nilishangaa, mara nyingi picha zinasema kidogo sana, watu wanatembea, gari inapita, moshi.

Na picha zenyewe nazo uziulize. Mwaka 1916 Waingereza walitoa filamu ya vita ya Somme, ikaangaliwa na mamilioni, na kile kipande maarufu cha askari wanapanda kutoka kwenye handaki na wengine wanaanguka kiliigizwa nyuma ya uwanja wa vita. Sehemu kubwa ya filamu ni ya kweli, ila hicho kipande ndo kinapenda kurudiwa mpaka leo. Warusi nao, ukiona watu wanavamia lile kasri la mfalme 1917 wamejaa uwanja mzima, mara nyingi hiyo imetoka kwenye muvi ya Eisenstein ya 1928, yaani miaka zaidi ya kumi baada ya tukio na ni waigizaji. Sa hivi ndo imekuwa mbaya zaidi na hizi chaneli za sauti ya roboti na picha za AI, unaona "picha adimu ya Mkwawa" ana uso unang'aa kama tangazo la losheni. Chaneli isiyokuambia picha imetoka wapi wewe pita.

Nani anamiliki kamera, hapo ndo nataka mkae zaidi kwa sababu mfano wake mtamu. Kuna mwongozaji wa filamu wa Uswisi aliyekuwa anafanyia kazi Ufaransa, anaitwa Barbet Schroeder, 1974 alitoa dokumentari ya Idi Amin, na Amin mwenyewe alikubali kwa moyo mmoja, unamwona anacheza kodiani, anawaonyesha wanyama akiwa kwenye boti, anaongoza mazoezi ya jeshi eti ndo wanavyoenda kuiteka milima ya Golan kutoka kwa Waisraeli, wanajeshi wachache, helikopta, yeye anafurahi. Aliamini anatengenezewa tangazo. Filamu ilipotoka akasikia watu Ulaya wanacheka, akataka vipande fulani vikatwe, mwongozaji akagoma, Amin akawakusanya Wafaransa walioko Uganda akawaweka hotelini na akawapa namba ya simu ya Schroeder wampigie wambembeleze wenyewe. Akavikata vile vipande. Amin alipoanguka vile vipande vikarudishwa. Kwa hiyo hiyo filamu ukiipata uliza ni toleo gani, na ukiwa unaiangalia kumbuka kila anapocheka yupo mtu pembeni anayejua kwamba asipocheka naye itakuwa shida, kuna kipande cha kikao cha mawaziri angalia nyuso za wanaosikiliza, usimwangalie Amin.

Upande mwingine kuna Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa, 1986 alifanya The Africans, vipande tisa, BBC na televisheni ya umma ya Marekani. Yeye anasimama mwenyewe mbele ya kamera anasema mimi nimezaliwa wapi na nafikiri nini, Uafrika, Uislamu na Umagharibi vimekaaje ndani ya Mwafrika mmoja. Taasisi ya serikali ya Marekani iliyokuwa imechangia hela, mkuu wake Lynne Cheney alikasirika akataka jina la taasisi lifutwe. Mimi siyo kila kitu cha Mazrui nakubali, sehemu nyingine naona anapamba sana, ila angalau unajua unagombana na nani, hajajificha nyuma ya sauti. Ukitaka ya karibuni zaidi na ya bure, Zeinab Badawi amezunguka Afrika nzima kwa ajili ya BBC, vipande 20, ametumia vile vitabu vya UNESCO vya historia ya Afrika. Ningeanza na hizo mbili Januari ningefika mbali.

Mambo ya bando haraka haraka: daunlodi usiku, ubora wa chini unatosha, historia haihitaji HD. Usiangalie kwa spidi ya 2, utamaliza nyingi na hutabaki na kitu. Na zile nzito usizilundike. Shoah ya Claude Lanzmann, ya mauaji ya Wayahudi, ina zaidi ya masaa tisa na haina hata picha moja ya zamani, ni watu wanaongea na sehemu zilivyo sasa, reli, msitu, kinyozi anasimulia. Nilijifanya mwamba nikataka kuimaliza wikiendi moja, Jumapili usiku sikulala, nikaja kuimalizia kidogo kidogo kwa wiki tatu.

La mwisho, usiangalie peke yako kama nyumbani kuna mzee. Desemba alikuja mjomba, alikuwa vita ya Kagera, aliingia Mutukula na wenzake wakaenda mpaka Kampala. Nikamwekea moja ya Wazungu kuhusu Amin alivyotolewa, 1979, mabomu yanalia, makombora ya Saba Saba yanaruka, muziki wa kutisha. Akaangalia kimya kama dakika kumi alafu akaniambia, "Mjomba, mbona hawa wanapigana tu? Sisi tulitembea." Nikamuuliza kutembea vipi, akaanza, mvua, buti zimeoza, lile bwawa la Lukaya, mihogo ya watu, na nikagundua kwenye kaunta buku langu lote la mwaka mzima sina hata mstari mmoja wa mtu anayetembea. Nikaanza kuandika hapo hapo.

Baadaye akaniomba nirudishe nyuma, kuna sehemu foleni ya wanajeshi inapita kando ya barabara, sekunde nne hivi hazizidi. Nikarudisha. Akasema weka tena. Tuliirudia mara sita, akisogeza simu karibu na macho, na hakusema anamtafuta nani.