Kwa mchanjaji mpya: fungua kichupa

Kosa linaloniuma hadi leo nililifanya nikiwa na miezi minne tu kazini, katika zahanati iliyohudumia vijiji vya wafugaji magharibi mwa Tanzania. Mama mmoja alifika saa tisa alasiri na mtoto wa miezi 10. Hakukuwa na mwingine kwenye benchi. Kichupa cha surua-rubella tulichokuwa nacho kina dozi 10, na kikishachanganywa kina saa 6 tu, kisha ni cha kutupa. Nikapiga hesabu ya dozi tisa za kumwaga, nikamwambia arudi Alhamisi, siku ya kliniki.

Hakurudi Alhamisi. Alirudi baada ya wiki tano, mtoto ana homa, macho mekundu, vipele vimeanzia nyuma ya masikio vikashuka hadi kifuani. Mtoto alipona. Ila tayari alikuwa amelala chumba kimoja na watoto wanne wa shangazi yake.

Tangu siku hiyo nafungua. Andika upotevu kwenye leja, na mtu wa stoo akigomba, mwache agombe.

Mlipuko ukianza, jua kwamba umechelewa. Mgonjwa huanza kuambukiza siku 4 kabla ya vipele kuonekana, kwa hiyo ukipigiwa simu, surua imeshapita kisimani na kanisani. Bado inafaa kukimbia: mtoto aliyekutana na mgonjwa akichanjwa ndani ya saa 72 anaweza kuponea hapo.

Mjini watakuonyesha kwamba kata yako imechanja asilimia 98. Uliza idadi ya watoto waliyogawanyia imetoka wapi. Makadirio ya sensa hayaijui familia iliyohamia na ng'ombe mwaka jana. Mimi namwamini zaidi balozi wa nyumba kumi na daftari lake, na zaidi yake kijana anayenywesha mifugo bwawani, maana anajua kila boma lililopo na lililohama. Siku ya mnada tuliweka meza jirani na wauza mitumba. Wapo watoto tuliowachanja pale ambao hawakuwa kwenye rejista yoyote.

Kuna nyumba utakazoambiwa kwamba surua ikitoka mtoto asiguswe na sindano, vipele vitarudi ndani. Usibishane uani mbele za watu. Mtafute bibi, mwamkie, kaa chini. Mwambie kweli: anayeumwa sasa hatumchomi, tunawataka ndugu zake. Huyo mgonjwa tunampa matone ya vitamini A leo na kesho, uniti 200,000 kila siku akiwa ametimiza mwaka, 100,000 akiwa na miezi 6 hadi 11. Bibi akisikia hivyo, mara nyingi yeye mwenyewe ndiye anayewaita wajukuu waje.

Wakati wa mlipuko mnaweza kuagizwa kuanzia miezi 6. Dozi hiyo ya mapema haihesabiwi. Waeleze wazazi, na uandike kwenye kadi, kwamba dozi za miezi 9 na 18 ziko palepale. Nisipolisema hilo mara mbili, naona mama anaondoka akidhani amemaliza.

Kwenye usafi sina mzaha. Mei 2017, katika kijiji cha Nachodokopele huko Kapoeta, Sudan Kusini, watoto 15 walikufa baada ya kampeni ya surua: bomba moja la sindano lilitumika siku zote 4, na chanjo haikutunzwa kwenye baridi. Bomba jipya kwa kila mtoto. Kiyeyushio, yaani maji ya kuchanganyia chanjo, kiwe cha kiwanda kilekile cha chanjo, na kipoe kabla ya kuchanganya. Kabla hujafungua, tazama alama ya joto kwenye kichupa: kiboksi cha ndani kikifanana rangi na duara lake au kikiwa cheusi zaidi, usikitumie.

Halafu beba kalamu mbili za kuweka alama kidoleni. Yangu iliwahi kukauka kwenye kitongoji cha pili, tukabaki kuuliza nani keshachomwa, na watoto wote, hata ambao hatukuwa tumewaona, wakanyoosha mkono wa kushoto huku wakicheka.